Ukame na Dhoruba za Vumbi Jangwani

Watu wengi hudhani kuwa dhoruba za vumbi jangwani huletwa na upepo peke yake. Dhana hiyo si kamili. Upepo huvuma kila mwaka, lakini vumbi haliwi jingi kila mwaka. Basi yatupasa kujiuliza: ni kitu gani kinachoulegeza udongo hata upepo ukaweza kuuchukua?

Udongo una walinzi watatu. Wa kwanza ni unyevu, ambao huzishikamanisha chembe zake. Wa pili ni mimea: mizizi huushika udongo chini, na majani huupunguzia upepo nguvu juu. Wa tatu ni gamba gumu ambalo hufanyika juu ya ardhi maji ya mvua yakaukapo. Ukame ukija, unyevu hutoweka, kisha mimea hufa. Mwisho mifugo yenye njaa, ikihangaika kutafuta malisho machache yaliyobaki, hulivunja lile gamba kwa kwato zake. Hapo ardhi huwa kama nyumba isiyo na mlango.

Tena yafaa tujue kuwa vumbi halitoki hasa katika vilima vya mchanga. Chembe ya mchanga ni nzito. Upepo huiinua kidogo, ikaruka, ikaanguka. Lakini kila iangukapo huipiga ardhi na kulitimua vumbi lililo laini kama unga. Hilo ndilo lipaalo juu sana na kukaa angani siku nyingi. Nalo hupatikana zaidi mahali palipokuwa na maji zamani, kwa kuwa maji huleta tope laini na kuliacha chini.

Mfano mzuri ni Bodélé, kaskazini ya nchi ya Chad. Yapata miaka 7,000 iliyopita mahali hapo palikuwa chini ya ziwa lililolizidi Ziwa Victoria kwa ukubwa mara tano hivi. Mvua zilipopungua, ziwa lilikauka huko, likaacha udongo mweupe, mwepesi, uliofanyika kwa magamba ya vijimea vidogo mno vya majini. Upepo wa kaskazini-mashariki hubanwa kati ya milima ya Tibesti na Ennedi, ukapata nguvu na kuuchota udongo huo. Leo Bodélé huhesabiwa kuwa miongoni mwa machimbuko makubwa kabisa ya vumbi duniani.

Ushahidi mwingine ni ukame ulioupata ukanda wa Sahel, kusini ya Sahara, katika miaka ya 1970 na 1980. Ziwa Chad, lililokuwa na kilometa za mraba 25,000 hivi mwaka 1963, lilipungua hata katikati ya miaka ya 1980 halikufikia sehemu moja ya kumi ya ukubwa huo. Na katika kisiwa cha Barbados, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, ambako wataalamu wamepima vumbi la Afrika tangu mwaka 1965, vumbi lilizidi sana miaka ya ukame, hasa 1983 na 1984. Udongo wa Sahel ulikuwa ukivuka bahari! Na upepo huanza kuchukua ule ulio laini, wenye rutuba. Mkulima huachiwa mchanga na njaa.

Je, tukae tu tukingoja mvua? Hasha. Huko Maradi na Zinder, katika nchi ya Niger, mchanga uletwao na upepo ulikuwa ukiifukia miche, mkulima akapanda tena na tena. Tangu katikati ya miaka ya 1980 wakulima walianza kuviacha visiki vya miti vichipue mashambani badala ya kuvikata. Leo miti hiyo imeenea katika hekta milioni tano hivi. Wakulima hao hawakuweza kuiamuru mvua inyeshe, lakini walimrudisha mlinzi mmoja wa udongo.

Nasi tulio mbali na Sahara tuna mashamba na malisho yanayopatwa na kiangazi. Tukikata kila mti na kulisha mifugo mpaka ardhi ikabaki tupu, tusiulaumu upepo utakapokuja kuchukua tulichouachia.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne