Bundi Mdogo wa Msitu wa Sokoke

Kusini-magharibi ya mji wa Malindi uko msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao eneo lake lapata kilomita za mraba 420. Apitaye kwa motokaa katika barabara ya Mombasa huona miti mitupu, akaenda zake. Lakini wako watu watokao Ulaya na Marekani kuja kulala karibu na Gede, wakaamka kabla ya alfajiri, ili wamwone bundi ambaye kimo chake hakifiki shibiri moja.

Bundi huyu aliandikwa na wataalamu mara ya kwanza mwaka 1966. Miaka mingi ilidhaniwa kuwa hayuko penginepo duniani, mpaka alipoonekana chini ya milima ya Usambara, Tanzania. Hukaa katika vichaka vizito vya ardhi nyekundu. Ardhi ya mchanga mweupe yenye mirihi haimpendezi. Mchana hulala tawini pamoja na mwenziwe, wamebanana, pengine mmoja wa kijivu na wa pili mwekundu kama jani kavu, na asiyeongozwa na mwenyeji aweza kupita chini yao asiwaone. Kwa watu wengi bundi ni ndege wa mkosi. Ni ajabu, basi, kwamba huyu huwaletea waongozaji wa vijijini riziki yao.

Yuko na mnana wa manjano na mweusi, aliyeandikwa mwaka 1913, ambaye hupatikana katika kaunti hii ya Kilifi peke yake. Karne nzima ilipita kiota chake kisijulikane. Mwaka 2013 viota vilionekana kaskazini ya mto Sabaki, katika kinamasi cha Dakatcha kijaacho maji baada ya mvua. Basi ndege huyu hutaka msitu na kinamasi pia, na huko Dakatcha miti hukatwa kwa makaa na kwa mashamba ya mananasi.

Si haki kumlaumu mkulima tu. Aliyekesha akilinda mahindi yake yasiliwe na tembo hana sababu kubwa ya kuusifu msitu. Kwa hiyo ilianzishwa kazi ya Kipepeo huko Gede mwaka 1993, ambamo wakulima hufuga vipepeo wa msituni, na pupa zao zikauzwa ng'ambo. Tena katika hori ya Mida, ng'ambo ya barabara, limejengwa daraja la mbao kati ya mikoko, na ada ya wageni husaidia kulipa karo za watoto wa sekondari wa jirani.

Hapo Mida huja ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, alaye kaa, atokaye pwani za Arabuni. Atakaye kumwona na aende kati ya Agosti na Aprili, maji yanapoanza kujaa, kwa maana ndipo ndege wasukumwapo karibu na daraja.