Fahamu: Laptopu yako, betri yake na safari ya ndege

Anayetoka Ikolo, wilayani Kyela, hupanda basi kupitia Tukuyu na Uyole hadi Uwanja wa Ndege wa Songwe, uliofunguliwa Desemba 2012. Kwenye ukaguzi ataambiwa: toa laptopu, weka kwenye trei. Si usumbufu wa bure. Betri na vyuma vilivyobanana hutoa kivuli kizito kwenye eksirei, na chini yake kitu kinaweza kujificha.

Wasiwasi mkubwa zaidi ni betri ya lithiamu. Ikipata hitilafu hujipasha moto yenyewe mpaka iwake. Ndani ya kabini mhudumu ataimwagia maji, kwenye shehena nani ataiona? Ndiyo maana pawabenki haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini. Laptopu ikilazimika kwenda huko, izimwe kabisa.

Tangu Oktoba 1, 2025, Emirates, inayotua Dar es Salaam, imepiga marufuku kutumia pawabenki angani. Abiria hubeba moja tu, isiyofika wati-saa 100. Zidisha volti kwa ampea-saa: pawabenki ya 20,000 mAh (yaani ampea-saa 20) yenye volti 3.7 ni wati-saa 74. Inapita, mradi maandishi ya uwezo wake yasomeke.