Mahojiano na Birangona: Ushairi wa Vita vya Bangladesh

Vita vya ukombozi wa Bangladesh vilianza Machi 1971 na kumalizika tarehe 16 Desemba mwaka huohuo, jeshi la Pakistan liliposalimu amri mjini Dhaka. Katika miezi hiyo tisa, wanajeshi na vibaraka wao wa hukohuko walibaka wanawake wengi mno. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kati ya 200,000 na 400,000. Baadhi walifungiwa kambini.

Serikali mpya iliwapa jina la heshima, birangona, yaani mashujaa wa kike. Nia ilikuwa njema, lakini mitaani jina hilo likageuka doa: aliyeitwa hivyo alijulikana mara moja kuwa alibakwa. Wapo waliokataliwa na waume, wapo waliofungiwa mlango na baba zao. Wengi wakanyamaza. Mchongaji vinyago Ferdousi Priyabhashini, mmoja wao, alipoeleza hadharani yaliyompata, karibu miongo mitatu ilikuwa imepita.

Tarfia Faizullah, mshairi Mmarekani mwenye asili ya Bangladesh, alikwenda huko kuzungumza na wanawake hao, na mwaka 2014 akachapisha diwani ya Seam. Uti wa mgongo wake ni mfululizo wa mashairi ya mahojiano: swali huulizwa, birangona hujibu. Msomaji aliyezoea majibizano ya malenga magazetini ataona tofauti papo hapo, kwani hapa hakuna anayetaka kushinda. Birangona anaulizwa kuhusu siku aliyochukuliwa na mahali alikopelekwa. Majibu yake hayafanani na maelezo ya polisi. Yamo maji, yumo mama, na ukatili unapenya humohumo.

Ujasiri mkubwa wa diwani hii uko katika mashairi mengine, ambamo mwulizaji anajigeukia mwenyewe. Mshairi hakuyapitia mateso hayo, naye hafichi jambo hilo. Hapo ndipo ushairi wa aina hii unapopimwa, maana ni rahisi sana kuchukua uchungu wa mtu ukaufanya pambo la beti. Faizullah anaepuka kosa hilo kwa kumwacha mwulizaji aonekane, pamoja na wasiwasi wake.

Mwaka 2015, miaka 44 baada ya vita, serikali ya Bangladesh ilianza kuwaandikisha birangona rasmi kuwa wapigania uhuru, wapate posho kama wanaume waliobeba bunduki. Wengi walikwisha kufariki.