Nyuki wakitua katika parseli yako

Kundi la nyuki likitua kwenye mti wako wa avoka, usikimbilie petroli. Sisi wenye kulima kahawa tunawahitaji hao kwenye maua. Wamehama na asali tumboni, hawana watoto wa kulinda, kwa hiyo wako wapole kidogo; ukiwatikisa watauma tu. Ondoa watoto. Fungua mbuzi: aliyefungwa hawezi kukimbia, atakufa hapo hapo. Halafu ita mfugaji wa nyuki siku ileile, maana kesho wanaweza kuwa wameenda. Jioni atawapulizia moshi, awakung'ute ndani ya mzinga uliopakwa nta. Lakini kama wameisha kujenga masega ndani ya ukuta, hao ni wakali kweli. Usiwaguse peke yako.