Koili ya kupasha joto

Koili ya kupasha joto ni waya wa metali yenye ukinzani mkubwa, uliozungushwa mithili ya springi, ambao hutoa joto umeme unapopita ndani yake. Hupatikana katika jiko la umeme, pasi, birika la umeme, hita ya kuchemshia maji, mashine ya kukaushia nywele na, kwa umbo dogo sana, katika vifaa vya mvuke kama vile sigara ya kielektroniki. Ukubwa hutofautiana lakini kanuni ni moja: anayeweza kukokotoa koili ya jiko anaweza kukokotoa na ile ya kifaa cha mvuke.

Nchini Tanzania koili hujulikana zaidi kupitia jiko la koili, yaani kigae cha udongo wa kuchoma chenye mifereji ambamo waya hulazwa wazi, na kupitia hita ya kutumbukiza kwenye ndoo. Katika maeneo ya baridi kama kata ya Mgwashi, Halmashauri ya Bumbuli, kwenye milima ya Usambara mkoani Tanga, hita ya ndoo ina kazi hasa kati ya Juni na Agosti, ambapo maji ya kuoga hayavumiliki bila kupashwa. Kuni za milimani hutoka kwenye miti ileile inayolinda vyanzo vya maji. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na umeme ni mojawapo ya nishati hizo.

Kanuni ya utendaji

Mwanafizikia Mwingereza James Prescott Joule alionyesha mnamo 1840 na 1841 kwamba joto linalotokea kwenye waya hulingana na kipeo cha pili cha mkondo, mara ukinzani, mara muda. Kwa fundi, umbo linalofaa zaidi la kanuni hiyo ni hili: nguvu kwa wati ni sawa na volti mara volti, gawanya kwa omu.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Hudhani kwamba kwa kuwa joto linatokana na ukinzani, basi ukinzani ukiongezeka joto nalo litaongezeka. Kwenye soketi ya nyumbani volti haibadiliki kwa sababu ya koili. Kwa hiyo ukinzani ukipungua mkondo huongezeka, na joto huongezeka nao.

Umeme wa Tanzania ni wa volti 230. Jiko la wati 1,000 linahitaji ukinzani wa omu 52.9 (230 mara 230, gawanya kwa 1,000) na huvuta ampea 4.3 hivi. Jiko hilohilo likiwa mwisho wa laini ndefu ambako volti zimeshuka hadi 180, hutoa wati 612 tu. Mwenye jiko hulalamika kwamba koili imechakaa, kumbe koili ni nzima.

Metali zinazotumika

Waya wa shaba haufai kwa sababu ukinzani wake ni mdogo mno. Waya wa chuma cha kawaida hufaa kwa muda mfupi, kisha kutu hubanduka vipandevipande na waya huisha. Suluhisho lilipatikana kwa Mmarekani Albert Marsh, aliyepewa hataza mwaka 1906 kwa aloi ya nikeli na kromi inayoitwa leo nikromi. Aina inayotumika sana ina nikeli asilimia 80 na kromi asilimia 20. Inapopata moto kwa mara ya kwanza hujifunika ngozi nyembamba ya oksidi ya kromi, na ngozi hiyo huzuia oksijeni isiendelee kuila. Sifa yake nyingine ni kwamba ukinzani wake hubadilika kidogo tu kati ya baridi na wekundu wa moto, hivyo kipimo kinachopatikana mezani kinakaribia kile cha kazini.

Aloi ya pili ni Kanthal, ya chuma, kromi na alumini, iliyobuniwa na Hans von Kantzow huko Sweden katika miaka ya 1920. Huvumilia joto kubwa zaidi ya nikromi na bei yake ni nafuu, lakini ina tabia moja ya kukumbukwa: ikishawaka mara nyingi huwa kavu na kuvunjika inapokunjwa ikiwa baridi.

Kukokotoa na kuzungusha

Ukinzani wa waya hutegemea metali, urefu na unene wake. Waya wa nikromi wenye kipenyo cha milimita 0.5 una omu 5.6 hivi kwa kila mita. Kwa jiko la wati 1,000 lililotajwa hapo juu, 52.9 gawanya kwa 5.6 ni takriban mita 9.4.

Waya huo huzungushwa kwenye fimbo nyembamba ya chuma, kwa mfano ya milimita 5. Kila mzunguko hula milimita 17 na kitu, kwa hiyo mita 9.4 hutoa mizunguko takriban 540. Ikiwa imebanana, koili ina urefu wa sentimita 27. Huvutwa polepole hadi karibu mara tatu, yaani sentimita 80 hivi, ndipo ilazwe kwenye mifereji ya kigae. Kuvuta ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Mahali ambapo mizunguko imebaki karibukaribu hupata moto kuliko pengine, na ndipo waya utakapokatikia. Ni bora kupima urefu wa mifereji kwa uzi kwanza, kisha kuvuta koili nzima kwa mara moja ikiwa imeshikwa ncha zote mbili, kuliko kuilaza huku ukiivuta kidogo kidogo.

Ncha za koili huachwa ndefu, hukunjwa mara mbili na kusokotwa ili ziwe nene na zisiwe na joto kali, kisha hubanwa kwa skrubu na washa. Kulehemu kwa risasi hakufai, kwa kuwa risasi ya kawaida ya mafundi wa redio huyeyuka chini ya nyuzi 200 za Selsiasi. Waya wa shaba wenye ganda la plastiki nao usifike karibu na kigae.

Koili iliyokatika

Matengenezo yanayofanyika mara nyingi vijijini ni kuunganisha koili iliyokatika kwa kusokota ncha mbili pamoja. Jiko huwaka, na kwa siku chache huonekana kupata moto kuliko mwanzo. Kisha hukatika tena, na safari hii mapema zaidi.

Sababu zake ni mbili. Kwanza, pale paliposokotwa metali hugusana kwa kulegea, juu ya ngozi ya oksidi isiyopitisha umeme vizuri, kwa hiyo joto hukusanyika hapo. Pili, kila anayeunganisha hupoteza kipande. Tuseme koili imepungua kwa moja ya tano. Ukinzani unashuka hadi omu 42.3, na nguvu inapanda hadi wati 1,250. Lakini wati hizo sasa zinabebwa na waya wa mita 7.5 badala ya 9.4: kila mita iliyokuwa ikibeba wati 106 inabeba wati 166, zaidi ya mara moja na nusu. Hakuna waya unaodumu kwa hali hiyo. Koili iliyopoteza zaidi ya mizunguko michache ni ya kubadilishwa, na bei ya koili mpya ni ndogo kuliko ya kigae kilichopasuka au paa lililoungua.

Jiko la koili lina hatari nyingine inayotokana na umbo lake: waya uko wazi na una umeme kamili. Sufuria iliyopinda kitako, kijiko kilichoanguka au uji uliofurika huweza kumfikishia mpishi umeme. Jiko huzimwa kwa kuchomoa plagi kabla ya kufutwa, si kwa swichi pekee, maana pale waya zilipofungwa kinyume swichi hukata upande usio na moto na koili hubaki na umeme. Fremu ya bati lazima iunganishwe na waya wa ardhini.

Hita ya maji

Katika hita ya ndoo koili haigusi maji. Imo ndani ya bomba la metali lililoshindiliwa unga wa oksidi ya magnesi, unaopitisha joto lakini si umeme. Hita ikiwashwa nje ya maji, bomba hupasuka katika muda mfupi. Unga ukishaingiwa na unyevu, maji ya ndoo huwa na umeme. Hita inayopiga shoti hata kidogo haitengenezwi, hutupwa. Magamba meupe ya chokaa huondolewa kwa kuiloweka kwenye siki au maji ya limau. Kile kifaa cha kubuni cha nyembe mbili kinachotumika katika baadhi ya mabweni hakina koili kabisa: hupitisha umeme ndani ya maji yenyewe.

Gharama yake hukokotolewa kwa urahisi. Kupasha lita 20 kutoka nyuzi 18 hadi 45 huhitaji yuniti 0.63. Familia ya watu wanne, kila mmoja ndoo moja kwa siku, humaliza yuniti 75 kwa mwezi, ambazo ndizo kikomo cha wateja wa LUKU wa kundi la bei nafuu la D1, kabla ya kuwasha taa hata moja.

Vifaa vya mvuke

Sigara ya kielektroniki, ambayo vijana wa mijini huiita vepu, ina koili ndogo iliyozungushiwa utambi wa pamba. Utambi hunyonya kimiminika cha gliserini na propilini glikoli, mara nyingi chenye nikotini, na koili hukigeuza kuwa mvuke. Mmarekani Herbert Gilbert alipata hataza ya kifaa cha namna hii mwaka 1965. Kilichoenea madukani kilitokana na kazi ya Mchina Hon Lik tangu 2003.

Koili ya omu 1 ya waya wa Kanthal wa milimita 0.4 huhitaji chini ya sentimita 9 za waya, na kwa betri ya volti 3.7 hutoa wati 14 hivi. Kwa vipimo vidogo hivyo, nyaya za mita ya kupimia hugusanishwa kwanza na ukinzani wake kuondolewa kwenye jibu. Kusafisha huanza kwa kutoa betri na utambi. Koili huoshwa na kusuguliwa taratibu kwa brashi laini, hukaushwa, kisha hutiwa pamba mpya. Pamba iliyokauka ikiungua hutoa moshi wenye sumu, ikiwemo formaldehidi.

Hatari kubwa ni ya betri. Koili ya omu 0.2 kwenye betri ya lithiamu iliyojaa, yenye volti 4.2, huvuta ampea 21, ambazo betri nyingi hazikuundwa kuzihimili. Betri huweza kulipuka mfukoni au usoni. Kimiminika chenye nikotini ni sumu kwa mtoto akikinywa, na nikotini huleta uraibu iwe imetoka kwenye moshi au kwenye mvuke. Nchini Uganda Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2015 imepiga marufuku sigara za kielektroniki pamoja na shisha.