Mwizi Akitoka kwa Dhamana, Je, Haki Imekufa?



Katika mikutano ya vikundi tunayohudhuria hapa Mbaraki na mitaa ya jirani, kuna lalamiko moja ambalo halikosi kutajwa. Likianza suala la usalama, mama mmoja atasema: "Tulimkamata Jumapili, tukampeleka kituoni, na Jumanne tukamkuta pale pale kwenye kibanda cha chai, anatucheka." Mzee mwingine ataitikia: "Siku hizi mwizi ana haki kuliko aliyeibiwa." Halafu kutoka nyuma husikika sauti ya kijana: "Basi dawa yao ni tairi na petroli."

Maneno haya si ya mzaha. Wanaoyasema wameumia kweli. Watu wa Kisauni, Likoni na mitaa ya kisiwani wanajua maana ya kukutana usiku na vijana wenye mapanga. Na kikundi kikiibiwa sanduku la akiba, zinazopotea si shilingi tu. Hupotea karo ya watoto, mtaji wa samaki, na hata kuaminiana kwa wanachama.

Lakini tukumbuke na upande wa pili. Kijana wako anarudi usiku kutoka kibarua bohari, msako unapita, naye anabebwa pamoja na wengine. Asubuhi hujui yuko kituo gani. Saa hiyo wewe mwenyewe ndiye utakayeuliza: kwani mtoto wangu hana haki?

Kwa hivyo tumeona tueleze kwa utulivu haki za mshukiwa ni zipi, zilitoka wapi, na je, ni kweli zinawaokoa wahalifu? Jibu letu kwa ufupi ni hili: kesi iliyoendeshwa kwa kufuata haki tangu siku ya kwanza ndiyo inayomfunga mkosaji, na ikasimama hata kwenye rufaa. Na katika kuiendesha vizuri, sisi raia pia tuna kazi yetu.

KATIBA INASEMA NINI

Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinataja haki za mtu aliyekamatwa. Kwa lugha rahisi ni hizi:

- Aambiwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, amekamatwa kwa sababu gani.
- Anaweza kunyamaza, na hawezi kulazimishwa kukiri.
- Aruhusiwe kuwasiliana na wakili, na watu wengine anaohitaji msaada wao.
- Afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Saa hizo zikiishia usiku au siku ambayo mahakama imefungwa, afikishwe siku ya mahakama inayofuata.
- Aachiliwe kwa bondi au dhamana yenye masharti ya kiasi, isipokuwa kuna sababu nzito za kumzuia.

Kifungu cha 50 kinaongeza kwamba mtu huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vingine. Pia kinasema kwamba ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki utakataliwa, ikiwa kuutumia kutaifanya kesi isiwe ya haki.

Hebu tulitazame neno dhamana, maana hapo ndipo wengi tunapochanganyikiwa. Mtu aliye nje kwa dhamana hajashinda kesi. Amefungwa na ahadi ya kurudi mahakamani kila tarehe atakayopewa. Asiporudi, hati ya kumkamata hutolewa, na pesa au mali iliyowekwa inaweza kuchukuliwa na serikali. Akishika masharti mpaka mwisho, pesa hurudishwa, hata kama amepatikana na hatia, kwa sababu dhamana si faini.

Na dhamana si lazima itolewe kwa kila mtu. Mshukiwa akionekana atatoroka, au atatisha mashahidi, mahakama inaweza kumnyima. Polisi nao wakihitaji muda zaidi wa uchunguzi, humwomba hakimu. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2014 inamruhusu hakimu kuongeza muda, usiozidi siku 30 kwa mara moja wala siku 90 kwa jumla. Yaani saa 24 si muda wa kumaliza uchunguzi. Ni muda wa kuhakikisha kwamba hakimu amemwona mtu huyo kwa macho, yu hai, na anajulikana aliko.

HAKI HIZI ZILITOKA WAPI

Kuna wanaodhani haki hizi ziliandikwa ili kuwapendeza wezi. Sivyo. Ziliandikwa na nchi iliyokwisha kuona yanayotokea zikikosekana.

Katika miaka ya 1980 watu wengi walishikwa kwa tuhuma za siasa na kuteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, Nairobi. Wengine walifikishwa mahakamani wakiwa wamechoka na kuumizwa, bila wakili, wakakubali makosa na kufungwa. Mwaka 1988 Katiba ya zamani ilibadilishwa, ikaruhusu mtu aliyeshukiwa kwa kosa la adhabu ya kifo kukaa mikononi mwa polisi siku 14 kabla ya kumwona hakimu. Baadaye, tangu mwaka 2010, mahakama ziliamuru serikali iwalipe fidia wengi wa wale walioteswa Nyayo House. Fidia hiyo ni pesa ya umma, yaani kodi yako na yangu.

Tunajifunza nini? Mtu akipigwa vya kutosha atakiri chochote, hata kosa ambalo hakulifanya. Na akifungwa asiye na hatia, aliyefanya kosa bado yuko nje.

HUKUMU MBILI ZA KUTUFUNZA

Mwaka 2006 Mahakama ya Rufaa ilisikiza rufaa ya mtu aliyekuwa amehukumiwa kwa wizi wa mabavu. Ilionekana kwamba polisi walikaa naye karibu miezi minane kabla ya kumfikisha kortini, ilhali sheria ya wakati ule iliwapa siku 14 tu. Hakuna aliyetoa sababu ya kuchelewa huko. Majaji wakasema kwamba haki ya Katiba ikivunjwa bila maelezo, kwa kawaida mshtakiwa ataachiliwa, hata ushahidi uwe na nguvu kiasi gani. Mtu yule akaenda nyumbani, na baada yake washtakiwa wengine wakaitumia hukumu hiyo.

Fikirieni walioibiwa na kuumizwa. Walikwenda kortini, wakatoa ushahidi, halafu kesi ikaanguka kwa sababu ambayo haikuwahusu hata kidogo. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Mnamo Oktoba 2010 mahakama hiyo hiyo ikaliangalia upya jambo hili katika kesi nyingine. Safari hii majaji walisema kwamba kucheleweshwa na polisi si sababu ya kumwachilia mtu moja kwa moja. Aliyevunjiwa haki anaweza kudai fidia, lakini shtaka lenyewe lisikizwe na kuamuliwa kwa ushahidi wake.

Huo ndio usawa tunaoutafuta. Mshukiwa hakunyimwa haki yake, kwani ana njia ya kulipwa kwa alilotendewa. Mwathiriwa naye hakutupwa, kwani kesi yake itasikizwa. Lakini tusisahau kwamba tatizo la mwaka 2006 lilianzia kwa kutojali huko kituoni. Kama yule mtu angefikishwa kortini kwa wakati, asingepata mlango wa kutokea.

SHERIA NA MWENYE BUNDUKI

Haki hizi huonekana vizuri zaidi pale mshtakiwa anapokuwa askari mwenyewe. Mwezi wa Agosti 2014, kule Kinango, Kaunti ya Kwale, maafisa wa polisi waliingia nyumbani kwa watu wakimtafuta mwanamume, wakampiga risasi msichana wa miaka 14, akafa. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, inayojulikana kama IPOA, ilichunguza. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwapata maafisa wawili na hatia ya kuua bila kukusudia, na kila mmoja akahukumiwa miaka saba.

Vile vile, mwaka 2012 kijana mmoja Mwingereza alikufa baada ya kushikiliwa na polisi huko Diani. Mwezi wa Novemba 2021 Mahakama Kuu hapa Mombasa iliwapata maafisa wanne na hatia ya kusababisha kifo chake. Kesi ilichukua miaka tisa. Ni mingi mno, na familia zisizo na uwezo zingekata tamaa njiani.

Maafisa hao wote walihesabiwa hawana hatia mpaka ushahidi uliposema vingine. Walipewa nafasi ya kujitetea, kama angepewa kijana wa mtaani. Na haki hiyo haikuwazuia majaji kuwahukumu.

KESI HUANGUKA WAPI?

Tuchukue mfano wa kubuni. Kikundi cha kina mama kimevunjiwa chumba usiku na sanduku limeibwa. Asubuhi watu hamsini wanaingia kutazama, kila mmoja anashika kufuli na mlango. Alama zote zimepotea. Kijana anashukiwa, vijana wenzake wanampiga mpaka anasema, "Ndiyo, ni mimi." Wanampeleka kituoni siku ya tatu. Kesi inapoitwa, mashahidi wawili hawaji. Mmoja hana nauli, mwingine ametishwa. Hakimu anaiahirisha mara nne. Mwisho anasema ushahidi hautoshi.

Hapo tutasema kijana ameokolewa na haki zake? La. Kukiri kwake mbele ya umati hakuwezi kutumika, kwa sababu sheria yetu ya ushahidi hukubali kukiri kulikofanywa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kilichowekwa na sheria, ambaye si mchunguzi wa kesi hiyo, na mshukiwa awe na mtu aliyemchagua mwenyewe. Kile kipigo kilikuwa cha bure, na pengine kimewapatia wapigaji kesi yao wenyewe.

Na lile suala la tairi na petroli? Maiti haisemi mali iko wapi, nani aliinunua, wala nani aliwatuma. Sanduku halirudi. Mara nyingine aliyechomwa alikuwa mgeni aliyepotea njia, au mtu aliyedaiwa na mpiga kelele wa kwanza. Na mbele ya sheria, waliomuua wanaweza kushtakiwa kwa mauaji.

MWATHIRIWA PIA ANA NAFASI

Katiba yenyewe iliagiza itungwe sheria ya kuwalinda waathiriwa, na mwaka 2014 ikatungwa. Mwathiriwa anaweza kueleza hofu yake ili usalama wake ufikiriwe dhamana inapoamuliwa. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mwathiriwa anaweza kushiriki kesi kupitia wakili, mradi asigeuke kiongozi wa mashtaka wa pili. Wengi wetu hatujui haya, ndiyo maana tunakaa nyumbani tukinung'unika.

KIKUNDI KIFANYE NINI

1. Ripotini mapema, siku hiyo hiyo. Hakikisheni jambo limeandikwa katika kitabu cha OB, na mwondoke na nambari yake.

2. Lindeni mahali pa tukio. Fungeni mlango mpaka askari wafike. Aliyenajisiwa asioge wala kufua nguo kabla ya kumwona daktari, na aulize kituoni kuhusu fomu ya P3. Jambo hili lisimalizwe kwa mbuzi na vikao vya wazee.

3. Mkimkamata mshukiwa, mkabidhini kwa polisi bila kukawia na bila kumpiga. Raia anaweza kukamata, lakini hawezi kuhukumu.

4. Wekeni daftari la mali ya kikundi: nambari za simu na mashine, alama, risiti. Mali isiyo na alama ni vigumu kuthibitisha ni ya nani.

5. Tengeni kiasi kidogo cha nauli ya mashahidi, na wanachama wawili wamsindikize shahidi kortini. Mtu akitishwa, mwambieni mchunguzi au kiongozi wa mashtaka kabla dhamana haijaamuliwa.

6. Mwenzenu akikamatwa, ulizeni kwa heshima: amekamatwa saa ngapi, kwa kosa gani, atafikishwa kortini lini? Bondi ya polisi haina malipo. Mkiweka pesa taslimu za dhamana, dai risiti ya serikali. Akipigwa, apelekwe hospitali, na malalamiko yapelekwe IPOA.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

- Kesi gani mtaani kwetu ilianguka, na ilianguka kwa sababu gani hasa?
- Kama mshukiwa angekuwa mtoto wa mwenyekiti wetu, tungetaka atendewe vipi?
- Mwanachama aliyeibiwa au kuumizwa, tulimsindikiza kortini au tulimwachia peke yake?
- Nani kati yetu atashika daftari la mali, na nani atakwenda na mashahidi?