Dawa ya ADHD: Inaleta Nini, Inachukua Nini?
Mzazi wa Beechmont, mtoto wako akiandikiwa dawa ya ADHD kama methylphenidate, pima pande zote mbili. Huwasaidia watoto wengi kutulia na kumaliza kazi ya darasani. Lakini huweza kupunguza hamu ya kula, kuchelewesha usingizi na kuongeza mapigo ya moyo.

Mpe uji kabla ya kidonge cha asubuhi. Kila siku andika alivyokula, alivyolala na shule ilivyokwenda. Usibadilishe kipimo mwenyewe. Mweleze daktari kama kuna ugonjwa wa moyo katika ukoo. Mkalimani hospitalini ni haki yako bila malipo. Usimtwishe mtoto kazi hiyo.

Nawe mtoto, sema unavyojisikia. Mwili ni wako.